Mwongozo kwa Wakili: Kupinga Makadirio ya Kodi Tanzania, Kuanzia Barua ya TRA Hadi Mahakama ya Rufani

Rufaa ya kodi inayofika Mahakama ya Rufani ya Tanzania husikilizwa kwa hoja za kisheria peke yake. Maana yake ni kwamba ukweli wa jambo, yaani nani alimlipa nani, kwa huduma gani na kwa ushahidi upi, hukamilishwa katika ngazi za chini, na sehemu kubwa yake huwa imekwisha kuwekwa au kupotezwa katika barua ya pingamizi ambayo mteja ameiandika mwenyewe kabla hajaja ofisini kwako. Mwongozo huu unafuata hatua za shauri la kodi kwa mpangilio wake, lakini utakaa zaidi kwenye pingamizi, kwa sababu mawakili wengi huliona pingamizi kuwa kazi ya mhasibu na hujitokeza kwenye rufaa, wakati ambapo kinachobaki ni kutetea maandishi ya mtu mwingine.

Sheria mbili ndizo msingi wa kila kitu kitakachoelezwa hapa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, iliyotungwa mwaka 2015, inaeleza jinsi makadirio, yaani hesabu ya kodi ambayo mlipakodi anaambiwa anadaiwa, yanavyotolewa na jinsi yanavyopingwa kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inaanzisha Bodi ya Rufani za Kodi na Baraza la Rufani za Kodi, na ndiyo inayoeleza muda wa kukata rufaa. Kodi yenyewe inayobishaniwa hutoka katika sheria nyingine, hasa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, na Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, Sura ya 148.

Hatua ya kwanza: pata sheria sahihi kabla ya kusoma makadirio

Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai na kurekebisha sheria za kodi kwa wingi. Makadirio unayoletewa leo yanaweza kuhusu mwaka wa mapato wa miaka minne iliyopita, na kifungu kilichokuwapo wakati huo huenda kimefutwa, kimeongezewa maneno au kimehamishwa. Kanuni ya kufanyia kazi ni kwamba wajibu wa kulipa kodi hupimwa kwa sheria iliyokuwapo katika kipindi kinachokadiriwa, wakati taratibu za kupinga na kukata rufaa hufuata sheria inayotumika siku unapochukua hatua. Kwa hiyo andaa nakala mbili: moja ikiwa na marekebisho yote hadi mwisho wa kipindi kinachobishaniwa, na nyingine ikiwa na marekebisho yote hadi leo.

Toleo la Urekebu la sheria za Tanzania la mwaka 2023 limeongeza ugumu mmoja, kwa sababu namba za vifungu vingi si zile zilizokuwa katika toleo la mwaka 2019, na hizo za zamani ndizo zinazotajwa katika hukumu za miaka ya nyuma. Unaponukuu kifungu, andika pia toleo. Kwa sababu hiyo hiyo mwongozo huu umetaja kanuni zaidi kuliko namba za vifungu.

Usiache pia kuangalia ukomo wa muda. Kamishna Mkuu hana uhuru wa kurekebisha makadirio ya miaka yote iliyopita. Sheria imemwekea ukomo wa jumla wa miaka mitano, isipokuwa pale panapokuwa na udanganyifu au uzembe wa aina zilizotajwa na sheria. Hoja ya ukomo ni ya kisheria, haihitaji stakabadhi hata moja, na inaweza kuondoa mwaka mzima katika madai. Inashangaza jinsi inavyosahauliwa.

Hatua ya pili: soma barua na uweke tarehe

Siyo kila barua ya TRA ni uamuzi unaoweza kupingwa. Barua ya matokeo ya awali ya ukaguzi humwalika mlipakodi atoe maelezo, na hapa mara nyingi ndipo hoja za hesabu humalizwa kwa gharama ndogo zaidi. Notisi ya makadirio ndiyo inayoanzisha siku za pingamizi. Barua ya kukumbusha deni hudai kile kilichokwisha kukadiriwa, na haifufui muda uliopita. Mteja anapokuja na barua ya ukumbusho akidhani ndiyo ya kwanza, jambo la kwanza ni kuomba historia yote ya mawasiliano, yakiwemo yaliyotumwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa TRA, ambao mara nyingi nywila yake ameishika mhasibu aliyekwisha kuacha kazi.

Pingamizi hupelekwa kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu mlipakodi alipopokea uamuzi. Siku ya kupokea haihesabiwi. Notisi ikipokelewa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi na siku ya thelathini ni tarehe 2 Aprili. Andika hesabu hiyo kwa kalamu juu ya jalada, pamoja na uthibitisho wa tarehe ya kupokea: muhuri, bahasha, sahihi ya aliyepokea, au picha ya ukurasa wa mfumo unaoonyesha tarehe. Ubishi wa tarehe ya kupokea hujitokeza miezi mingi baadaye, wakati aliyepokea hakumbuki chochote.

Muda unaweza kuongezwa kwa sababu ya kutokuwapo nchini, ugonjwa au sababu nyingine ya msingi, lakini maombi hayo yaandikwe mapema huku siku zikiwa bado zipo, na yaambatane na ushahidi. Kusema kwamba mkurugenzi alikuwa safarini bila nakala ya pasipoti yake ni kumwachia afisa nafasi ya kukataa.

Hatua ya tatu: fedha inayotangulia pingamizi

Pingamizi halipokelewi kwa barua peke yake. Mlipakodi anatakiwa kulipa kiasi cha kodi ambacho hakipingi, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ni kipi kikubwa. Chukua makadirio ya shilingi milioni 900. Ikiwa mteja anakubali shilingi milioni 120 tu, theluthi moja, yaani milioni 300, ndiyo kubwa na ndiyo inayolipwa. Ikiwa anakubali milioni 400, atalipa milioni 400, kwa kuwa theluthi haiwezi kutumika kupunguza kile ambacho yeye mwenyewe amekiri kudaiwa.

Hesabu hii ina athari kwenye uandishi. Wakili anayekubali sehemu ya madai ili aonekane muungwana anaweza kumwongezea mteja malipo ya awali bila kumwambia, na wakili anayepinga kila kitu bila kuchambua hupoteza heshima mbele ya afisa na baadaye mbele ya Bodi. Kaa na mhasibu wa mteja, pitieni makadirio mstari kwa mstari, na kiasi mnachokubali kiwe kimeamuliwa kwa maandishi ya mteja kabla hakijaingia katika pingamizi.

Pale mteja asipoweza kulipa, Kamishna Mkuu ana mamlaka ya kupunguza au kusamehe malipo hayo akiona sababu za kutosha. Maombi hayo ni barua inayojitegemea. Iandike mapema ndani ya zile siku 30, na uambatishe taarifa za benki za miezi ya karibuni, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya madeni yenye tarehe za kulipwa na, kama ipo, barua ya benki iliyokataa mkopo. Sababu inayosikika zaidi ni ile inayoonyesha kwamba malipo yatasimamisha biashara. Sababu inayosikika kidogo ni ile inayosema kwamba makadirio si ya haki, kwa kuwa hilo ndilo suala la pingamizi lenyewe. Na pingamizi liwasilishwe ndani ya muda wake hata kama maombi ya msamaha hayajajibiwa.

Pingamizi likishapokelewa rasmi, wajibu wa kulipa kiasi kilichobaki husimama wakati pingamizi linashughulikiwa. Hata hivyo riba ya kuchelewa kulipa haijali nani ana hoja nzuri. Mteja akishindwa mwishoni atailipa, na ni wajibu wako kumweleza hivyo siku ya kwanza ili achague kama atalipa zaidi ya theluthi kuikwepa riba hiyo.

Hatua ya nne: andika pingamizi kana kwamba ndiyo hati ya madai

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Katika rufaa za kodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni makubwa kupita kiasi au yana makosa uko kwa mlipakodi, tofauti na mashauri mengi ya madai ambako anayedai ndiye anayethibitisha. TRA haihitaji kuthibitisha kwamba gharama haikutokea. Mlipakodi ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ilitokea, kwamba ilikuwa ya kuzalisha mapato ya biashara, na kwamba ina nyaraka ambazo sheria inazitaka. Kukanusha tu hakuhamishi mzigo huo.

Gawanya pingamizi kwa vipengele vya makadirio, na kwa kila kipengele weka mambo manne: kiasi kinachopingwa, sababu iliyotolewa na TRA kwa maneno yake yenyewe, kifungu cha sheria unachokitegemea, na vielelezo vyenye namba. Epuka sababu za jumla kama vile makadirio kuwa kinyume cha sheria na haki. Sababu ya namna hiyo haimpi afisa la kujibu, na katika rufaa itamruhusu wakili wa Kamishna Mkuu kudai kwamba hoja unayoileta sasa haikuwahi kupelekwa katika pingamizi.

Mfano ulio wa kawaida ni kodi ya manunuzi, yaani kodi ambayo mlipakodi aliilipa kwa wauzaji wake, iliyokataliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara kimekuwa asilimia 18. Ukaguzi unasema mlipakodi amedai marejesho ya manunuzi bila stakabadhi halali za kielektroniki. Usijibu kwa kuleta maboksi ya risiti. Tengeneza jedwali ambalo kila mstari ni muamala mmoja, na safu zake ziwe jina la muuzaji na namba yake ya usajili, namba na tarehe ya ankara, namba ya stakabadhi ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD), thamani bila kodi, kodi, tarehe ya malipo katika taarifa ya benki, na ushahidi wa kupokea bidhaa. Mstari ambao safu yake ya stakabadhi ni tupu uonekane wazi kuwa mtupu, kisha uamue kama unautetea kwa ushahidi mwingine au unauachia. Jedwali lenye mapengo yaliyokiriwa huaminika kuliko boksi ambalo hakuna aliyelipitia, na afisa mwenye majalada mengi mezani atalishika jedwali kwanza.

Mgogoro mwingine unaorudi mara kwa mara ni kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayelipa huikata kwenye malipo na kuiwasilisha TRA, kwa malipo ya huduma yaliyokwenda kwa wasio wakaazi, ambayo kiwango chake kwa ada za huduma kimekuwa asilimia 15. Makampuni mengi yalishikilia kwamba huduma iliyofanyika nje ya nchi haina chanzo Tanzania. Katika shauri la Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu, Rufaa ya Madai Na. 193 ya 2016, Mahakama ya Rufani ilikataa msimamo huo na kuona kwamba huduma iliyotumiwa na kulipiwa na mtu aliyeko nchini iliangukia katika wajibu wa kuzuia kodi. Wakili anayepinga makadirio ya aina hii hawezi kuanza kana kwamba hukumu hiyo haipo. Anatakiwa ama kutofautisha ukweli wa mteja wake, kwa mfano kwamba malipo yalikuwa marejesho halisi ya gharama na si ada ya huduma, ama kuegemea mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili pale Tanzania inapokuwa nao na nchi ya mpokeaji.

Katika bei za miamala kati ya kampuni zenye uhusiano, pingamizi bila nyaraka za bei zilizoandaliwa wakati wa muamala huwa dhaifu tangu mwanzo, na kanuni za mwaka 2018 zimeweka adhabu nzito kwa kodi iliyopungua. Kwenye riba ya mikopo, kwa kampuni zinazomilikiwa kwa kiasi kikubwa na wasio wakaazi, pima uwiano wa deni na mtaji wa 7 kwa 3 kabla ya kubishana kuhusu madhumuni ya mkopo.

Neno moja kuhusu tafsiri ya sheria za kodi. Msimamo wa tangu shauri la Uingereza la Cape Brandy Syndicate la mwaka 1921, kwamba katika kodi huangaliwa kilichosemwa wazi na hakuna nafasi ya kudhania, bado hutajwa sana katika mabaraza yetu. Unamsaidia mlipakodi pale kifungu kinachotoza kina utata. Mteja anapodai msamaha wa kodi, ugumu huo huo wa maneno humgeukia yeye, kwa kuwa misamaha nayo husomwa kwa ukali. Usiutumie kwa nusu.

Hatua ya tano: majibu ya Kamishna Mkuu

Baada ya kulipokea pingamizi, Kamishna Mkuu anaweza kurekebisha makadirio kama mlipakodi alivyoomba, au kumpelekea pendekezo la namna anavyokusudia kuamua pamoja na sababu zake. Mlipakodi hupewa siku 30 za kujibu pendekezo hilo kwa maandishi. Barua hii huonekana kama hatua ya kupita tu, na wengi hujibu kwa kurudia pingamizi lao. Isome kama majibu ya utetezi: imekuonyesha ni kielelezo kipi hakikumridhisha na kwa nini, na hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuziba pengo hilo kabla jalada halijaenda Bodi. Vikao na maafisa vinaruhusiwa na vinafaa, ila kila kilichokubaliwa kikaoni kiandikwe na kutumwa kwa barua siku ile ile au inayofuata.

Sheria imempa Kamishna Mkuu miezi sita ya kuamua pingamizi. Ikipita bila uamuzi, makadirio huhesabiwa kuwa yamethibitishwa na mlipakodi hupata haki ya kukata rufaa. Weka tarehe ya miezi sita katika kalenda yako kama unavyoweka tarehe ya hukumu, maana ukimya huo hauji na barua ya kukuamsha.

Hatua ya sita: Bodi ya Rufani za Kodi

Bodi ndiyo yenye mamlaka pekee ya awali katika migogoro ya madai inayotokana na sheria za kodi zinazosimamiwa na TRA. Kufungua kesi ya kawaida Mahakama Kuu kwa kuita madai ya kodi kuwa uvunjaji wa mkataba au uzembe huishia katika pingamizi la awali, yaani hoja ya upande wa pili kwamba mahakama hiyo haina mamlaka, na siku za Bodi huwa zimekwisha.

Muda wa rufaa umegawanyika, na mgawanyiko huo ni mtego. Notisi ya kusudio la kukata rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na zote mbili huhesabiwa kuanzia siku uamuzi wa Kamishna Mkuu ulipopokelewa. Siku 45 hazianzi baada ya notisi. Uamuzi ukipokelewa tarehe 10 Juni, notisi iwe imeingia kufikia tarehe 10 Julai na rufaa kufikia tarehe 25 Julai. Anayetoa notisi tarehe 9 Julai akidhani ana siku 45 nyingine atakuta amechelewa kwa mwezi mzima. Bodi inaweza kuongeza muda kwa zile sababu tatu, yaani kutokuwapo nchini, ugonjwa au sababu nyingine ya msingi, lakini kosa la wakili la kuhesabu si sababu ambayo ungependa kuitetea kwa kiapo.

Ambatisha uamuzi unaokatiwa rufaa, notisi, pingamizi na nyaraka zote zilizokuwa mbele ya Kamishna Mkuu. Sababu za rufaa ziwe chache na zifuate vipengele vya pingamizi. Shahidi wako mkuu awe mtu aliyeziandaa au kuzitunza hesabu, si mkurugenzi anayezijua kwa kuambiwa, na kila kielelezo kitolewe na anayekifahamu. Sheria inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano, hivyo swali la kwanza kwa shahidi kuhusu stakabadhi isiyoonekana litakuwa iko wapi.

Usidhani kwamba usalama uliokuwapo wakati wa pingamizi unaendelea wenyewe wakati wa rufaa. TRA inaweza kuipelekea benki ya mteja notisi ya uwakala inayoitaka ilipe kodi kutoka katika akaunti yake. Andaa maombi ya amri ya kuzuia ukusanyaji huo pamoja na rufaa, yakionyesha hasara isiyofidika kwa fedha na dhamana ambayo mteja yuko tayari kuitoa, na uwe nayo tayari hata kama afisa amekuahidi kwa mdomo kwamba hatachukua hatua.

Hatua ya saba: Baraza, kisha Mahakama ya Rufani

Baraza la Rufani za Kodi, ambalo mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu, husikiliza rufaa kutoka Bodi. Notisi hutolewa ndani ya siku 15 na rufaa ndani ya siku 30, kwa hiyo omba nakala za hukumu na mwenendo kwa maandishi siku hukumu inaposomwa. Baraza linaweza kupima upya ushahidi, na ndiyo nafasi ya mwisho ya kubishana juu ya ukweli wa jambo.

Mahakama ya Rufani hupokea hoja za kisheria tu. Katika shauri la Atlas Copco Tanzania Limited dhidi ya Kamishna Mkuu, Rufaa ya Madai Na. 167 ya 2019, Mahakama ilieleza maana ya hoja hizo kwa mafungu matatu: tafsiri ya Katiba, sheria au kanuni ya kisheria ya kodi; namna Baraza lilivyotumia sheria juu ya ushahidi uliopo; na hitimisho ambalo halina ushahidi wa kuliunga mkono, au lililofikiwa bila kuuchambua ushahidi, au lisiloweza kufikiwa na baraza lolote lenye busara. Fungu la tatu ndilo linalotumiwa vibaya zaidi. Kusema kwamba Baraza lilipaswa kumwamini shahidi wako ni hoja ya ukweli hata ukiivalisha maneno ya sheria, na majaji huivua mara moja. Kusema kwamba Baraza halikugusa kabisa kielelezo kilichopokelewa, ukitaja ukurasa wa kumbukumbu kilipo, hiyo inasikilizwa.

Notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 za hukumu, na rufaa ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Siku zilizotumika kuandaa nakala za mwenendo huondolewa kwa cheti cha Msajili, kwa sharti kwamba nakala ziliombwa kwa barua ndani ya siku 30 za hukumu na barua hiyo ikapelekwa pia kwa mjibu rufaa. Wakili anayesahau kumpa mjibu rufaa nakala ya barua hupoteza kinga ya cheti hicho. Barua yenyewe ni ya aya mbili. Chukua sahihi na muhuri wa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali au wakili yeyote aliye kwenye kumbukumbu, na uihifadhi nakala hiyo nyuma ya jalada la notisi.

Mazungumzo ya kumaliza mgogoro yanaweza kufanyika katika ngazi yoyote, na makubaliano yakisajiliwa yanakuwa uamuzi unaotekelezeka. Hakikisha hati ya makubaliano imetaja kila kipindi, kila aina ya kodi na hatima ya riba na adhabu, kwa sababu kilichoachwa nje kinaweza kudaiwa tena kwa makadirio mapya. Pale mteja anapokuwa ameshindwa na hana fedha ya kulipa kwa mara moja, omba ratiba ya malipo kwa awamu kabla hatua za kukusanya hazijaanza, ukiambatisha mtiririko wa fedha unaoonyesha kwamba kila awamu inawezekana.